Picha Isiyo na Mtu

Asubuhi ya Jumanne Dokta Herminia Landa alimpima njiwa wake kwenye mizani ya jikoni, akaridhika kuwa njaa ipo ya kutosha na si ya kuua, akamtia ndani ya kisanduku. Nje kulikuwa na yale manyunyu ya Xalapa, mji wa milimani huko Meksiko, yasiyokatika, yanayomdanganya mtu atoke bila mwavuli kisha arudi nyumbani akipiga chafya. Herminia alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na kipande cha mkate mtamu kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Njiwa aliitwa Jenerali, kwa ule mwendo wake wa kutanguliza kifua.

Kazi ya Jenerali haikuwa ngumu kuieleza. Ndani ya kisanduku kuna skrini. Ikija picha yenye mtu, hata akiwa mdogo kama chawa, hata kama ni mkono tu unaochungulia dirishani, njiwa adonoe, na mtama unamwagika kwenye kibakuli. Ikija picha isiyo na mtu, atulie ipite zake. Akiidonoa hiyo, taa zinazimika, anakaa gizani kwa muda, kisha picha ileile inarudi ajaribu upya. Tena si taa za kisanduku peke yake. Fundi wa maabara, Ubaldo, ambaye ndiye pia mpiga picha, alifunga nyaya kwa haraka siku ya sikukuu, akaziunganisha na taa za chumba kizima. Chumba chenyewe kiko chini ya ardhi, hakina dirisha. Kwa hiyo njiwa akikosea, wote hukaa gizani pamoja naye, na kwa kuwa njiwa wa Herminia walikuwa hawakosei, hakuna aliyejisumbua kuzirekebisha.

Jumanne hiyo ilikuja picha ya shamba la miwa. Miwa mitupu, mbingu, na njia ya matrekta. Jenerali aliitazama kwa jicho la kushoto, akaitazama kwa jicho la kulia, akaidonoa pembeni, chini.

Taa zikazimika.

"Leo kachachamaa," Ubaldo alisema gizani.

"Ana njaa tu."

"Mwenye njaa angengoja zamu ya mtama. Huyu kafuata giza kwa miguu yake."

Taa ziliporudi, Jenerali alidonoa palepale. Alidonoa asubuhi nzima, akala giza asubuhi nzima, na Herminia akamaliza mkate wake kwa kupapasa. Ilipofika saa nane mchana kulikuwa na mtu kwenye picha. Alikuwa kijana mwenye shati la mistari, amesimama pembeni ya miwa na kiatu kimoja, mkono juu ya paji la uso, kama anayeangalia iwapo basi linakuja.

"Huyu nani?" Herminia aliuliza.

"Mimi sijui. Uliniambia nipige miwa, nimepiga miwa."

Herminia aliikuza picha, akaipunguza, akaiondoa kwenye fungu la picha tupu na kuitia kwenye fungu la picha zenye watu. Alimwomba Ubaldo alete nyingine.

Ubaldo alileta nyingine. Alileta korongo lenye ukungu, alileta shamba la kahawa, kisima kilichoachwa, uwanja wa mpira nyuma ya ghala. Njiwa wote sita walizidonoa, kila mmoja kwa wakati wake, na watu wakatokea. Kwenye korongo walikuwa wanawake wawili wameshikana mikono. Kwenye uwanja wa mpira walikuwa wengi, wamepangana warefu nyuma, wafupi mbele, kama wanaosubiri kupigwa picha ya harusi. Kwa Herminia hilo lilikuwa tatizo la kikazi. Huwezi kumfundisha njiwa tofauti kati ya mtu na si mtu kama upande wa si mtu umekuishia.

"Dokta, mimi nimechoka," Ubaldo alisema mwisho wa mwezi, anakung'uta tope kwenye viatu. "Nimelizunguka jimbo hili mpaka pikipiki inanitukana. Ukitaka mahali pasipo na mtu, nitafutie nauli ya kwenda mwezini."

"Piga bahari."

Akateremka hadi pwani, akapiga bahari. Njiwa wakaidonoa, na Ijumaa yake bahari ilikuwa na watu hadi kwenye upeo, maji yamewafika kiunoni, wote wanatazama nchi kavu.

Sasa lazima niseme habari ya Eleazar, maana Herminia mwenyewe alikuwa haisemi. Eleazar alikuwa mdogo wake wa kiume. Miaka minne kabla ya hapo alipakia magunia ya kahawa kwenye pikapu kuyapeleka bandarini, akampigia dada yake simu kumtania kuhusu njiwa, kwamba kasoma hadi akapata udokta ili awe mfugaji wa kuku wa kuruka. Alipofika kwenye kona ya kiwanda cha zamani cha sukari akasema, "Ngoja, kuna watu wamesimamisha magari." Herminia alingoja. Pikapu haikuonekana, wala kahawa, wala yeye.

Mama yao, Bi Queta, hakukaa akilia nyumbani. Alijiunga na kina mama wengine wa mjini ambao wana watoto wasiojulikana walipo, na kila Jumamosi walitoka na nondo. Nondo hizo zina kishikio juu na ncha chini. Unaipigilia ardhini kwa nyundo, unaichomoa, unainusa ncha. Kama inanuka udongo, unasogea hatua mbele. Kama inanuka kitu kingine, unawaita wenzako. Bi Queta, ambaye zamani alikuwa hawezi kuvumilia harufu ya samaki wa jana, sasa alinusa nondo kama wengine wanavyonusa tikiti sokoni, na akirudi nyumbani aliosha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kula. Herminia hakwenda hata mara moja. Alisema Jumamosi njiwa wanahitaji kulishwa.

"Nao hawawezi kulishwa Ijumaa jioni?" mama yake alimuuliza.

"Hawawezi, mama."

"Haya. Njiwa na wale."

Ukweli ni kwamba Herminia aliogopa. Aliogopa kiasi cha kugeuza uso kila alipoona nondo ya mama yake imeegemezwa nyuma ya mlango. Maadamu hakuna mahali palipoonyesha kwamba Eleazar yupo hapo, basi Eleazar hakuwa hapo, na Herminia aliweza kuamka, kupiga mswaki na kufundisha.

Habari za picha alizitoa Ubaldo, ambaye hawezi kula chapati za mahindi pale kwa mama muuzaji bila kusimulia jambo. Siku ya pili yake kina mama walikuwa wamepanga foleni kwenye ngazi za maabara, na vyungu vya tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda yake, kwa ajili ya dokta. Hakuna aliyeuliza njiwa wamewezaje. Waliuliza kama wanaweza kuona.

Bi Chayo, aliyekuwa akiuza maua makaburini, alisimama mbele ya picha ya miwa, akavaa miwani.

"Huyu Toño wangu," alisema. "Kakonda." Akasogea. "Na kiatu kingine kakipeleka wapi? Toño! Kiatu nimekununulia juzi!"

Kijana hakujibu. Lakini kesho yake asubuhi Herminia alipowasha skrini, mkono ulikuwa umeshuka kutoka kwenye paji la uso, kama mtu ambaye amekwisha kumwona aliyekuwa akimsubiri. Bi Chayo aliomba achapiwe nakala. Aliiweka jikoni kwake, karibu na jiko, kwa sababu Toño alikuwa mtu wa baridi.

Waliipeleka picha kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, Herminia, Bi Queta na Bi Chayo, wamevaa nguo za kanisani. Aliyewapokea alikuwa Wakili Barradas, mtu mpole, mwenye mikono safi, aliyewavutia viti mwenyewe.

"Mama, una uhakika ni yeye?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Vizuri sana. Na hapa, naona, amesimama?"

"Amesimama."

"Basi kapatikana," alisema Wakili Barradas kwa furaha ya kweli, akachukua muhuri na kupiga kwenye jalada. "Hongera, mama. Hongereni nyote."

Bi Chayo aliutazama muhuri. "Tukamchukue sasa. Shamba lenyewe tunalijua. Tukachimbe."

"Tuchimbe nini? Mtu aliyesimama hachimbuliwi. Tena shamba lina mwenyewe, na mwenyewe hajaombwa. Huwezi kuingia kwa watu na majembe kumtafuta mtu ambaye serikali imeshamwona."

"Lakini yuko wapi?"

"Yuko hapo," alisema wakili, akaigusa picha kwa kalamu.

Bi Queta alimgeukia binti yake. Herminia alijua anapaswa kusema neno, yeye ndiye msomi, yeye ndiye mwenye njiwa. Alitafuta neno hilo hadi walipofika barabarani, na huko halikuwa na kazi tena.

Baada ya hapo maofisa walikuja wenyewe maabara, wenye adabu zao, kuchukua picha zaidi. Kila mtu aliyetambuliwa kwenye picha jalada lake lilifungwa. Gazeti likaandika kwamba waliopotea wamepungua jimboni, na Wakili Barradas akapigwa picha akipeana mkono na mkubwa wake. Jenerali naye alipigwa picha, ameinua kifua. Hakuna aliyekwenda na jembe popote. Kina mama waliokwenda na nondo zao kwenye shamba la miwa walikuta lango jipya, na askari wawili waliowaambia kwa heshima kwamba hapa kesi zimeisha, mama zangu, rudini mkapumzike.

Kilichoharibu mambo ni bahari. Wale watu wa baharini walihesabiwa, ikaonekana ni wengi kuliko wote waliowahi kuripotiwa. Serikali ilikuwa imepata watu wengi kuliko iliowapoteza. Wakili Barradas alipiga simu, aliyepigiwa akapiga kwingine, na siku ya tatu mkuu wa taasisi, Profesa Zamudio, alishuka ngazi za maabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye kiti cha Ubaldo.

"Herminia, dada yangu, mimi ni mtu wa sayansi," alisema. "Njiwa wako wanadonoa picha tupu. Huko kwetu hilo linaitwaje?"

"Kosa, profesa."

"Kosa. Na kosa linarekebishwa vipi?"

Herminia alitazama juu, kwenye taa.

"Watakuja watu kuwapima. Wakifaulu, maabara yako inabaki. Wasipofaulu, nitafunga mlango huu na njiwa watauzwa sokoni, na unajua sokoni wanawafanya nini. Mimi sina la kufanya. Niangalie, nina la kufanya mimi?"

Alimwangalia. Hakuwa na la kufanya, ilionekana hata kwa namna alivyokaa.

Jioni hiyo Bi Queta alikuwa jikoni anamngoja, na picha juu ya meza. Alikuwa amemwomba Ubaldo ampigie picha hiyo, na Ubaldo hajui kumkatalia mzazi. Ilikuwa ni kona ya kiwanda cha zamani cha sukari. Barabara, bomba la moshi lililovunjika, majani marefu, ukuta. Hapakuwa na mtu.

"Mwonyeshe Jenerali," alisema Bi Queta. "Kabla hawajafunga."

"Mama, subiri kidogo."

"Nimesubiri miaka minne, Herminia. Kidogo gani tena?"

"Wapite mtihani kwanza. Maabara ikibaki, nitamwonyesha kwa utulivu, mara nyingi, vizuri. Sasa hivi nikikosea tutapoteza kila kitu."

Yalikuwa maneno mazuri na yalipangika. Mama yake hakuwa na udokta wa kuyapinga. Aliifunika picha kwa kitambaa cha mezani, akampakulia binti yake maharage, akakaa akimtazama anavyokula. Herminia aliona aibu na akaendelea kula. Alijua vyema kwamba si mtihani anaoukimbia.

Masomo yakaanza. Kwa kuwa picha tupu hazikuwepo tena, Herminia aliweka sheria mpya: mtu ni yule aliyekuwemo wakati picha inapigwa, waliokuja baadaye hawahesabiki. Giza akalirefusha. Jenerali alimwona Toño pembeni ya miwa, akadonoa, akakaa gizani. Herminia na Ubaldo walikaa gizani pamoja naye, Ubaldo anavuta pumzi kwa pua kama anayetaka kusema jambo.

"Sema basi," Herminia alimwambia mara moja.

"Sina la kusema, dokta. Nafikiria tu ningefunga taa mbili mbali mbali, nyinyi mngekuwa na giza lenu na mimi na langu."

Njiwa wengine walielewa upesi. Jenerali alikuwa wa mwisho. Alidonoa korongo, alidonoa uwanja wa mpira, alidonoa bahari mpaka mdomo ukaota kigaga, na manyoya ya kifua yakaanza kumtoka. Herminia alilirefusha giza tena. Alikuwa na mkono mwepesi katika kazi hiyo, na wengi walimsifu kwa hilo. Siku moja Jenerali alimtazama Toño kwa jicho moja, akageuza kichwa, akatulia. Picha ikapita. Siku ya pili yake alitulia kwa picha zote.

Kadiri njiwa walivyotulia, watu walififia. Wale wa baharini walizama hadi mabegani, hadi kidevuni, kisha ikawa bahari. Wanawake wa korongoni walibaki mikono tu iliyoshikana, nayo ikaondoka. Toño alirudisha mkono kwenye paji la uso, akasimama hivyo siku mbili tatu, kisha ikawa miwa. Bi Chayo alikuja na nakala yake ya jikoni, nayo ni miwa mitupu.

"Mwanangu kaenda wapi?"

Herminia alimwekea kahawa. Bi Chayo aliinywa, akaondoka. Ofisini kwa Wakili Barradas jalada la Toño lilibaki lilivyo, kapatikana, na jalada la aliyepatikana halifunguliwi.

Wapimaji walikuja na tai zao. Njiwa walifaulu wote sita, hawakukosea hata picha moja. Profesa Zamudio alipiga makofi, maabara ikabaki, Ubaldo akalewa peke yake mchana.

Jumamosi iliyofuata Bi Queta hakwenda na wenzake. Alishuka ngazi za maabara na tope la Jumamosi iliyopita kwenye viatu, na nondo mkononi kwa mazoea, akaiegemeza ukutani. Alitoa picha kwenye kitambaa cha mezani.

"Mtihani umepita," alisema.

Herminia aliichukua. Aliiingiza kwenye mashine, akamtia Jenerali ndani ya kisanduku. Skrini ikawaka. Barabara, bomba la moshi, majani, ukuta. Bi Queta aliinama mlangoni mwa kisanduku, ameshika magoti.

Jenerali aliitazama picha kwa jicho la kushoto. Akatazama kibakuli. Akatazama sakafu. Picha ikapita.

"Irudishe."

Akairudisha. Jenerali alifumba jicho. Picha ikapita.

"Ina maana hayupo?" Bi Queta aliuliza.

"Sijui, mama."

"Hujui? Wewe si ndiye dokta? Kama angekuwepo angemdonoa, si ndiyo? Niambie hayupo, basi, nifurahi."

"Sijui. Nimemfundisha asiwaone." Akaanza kulia kama mtoto, mdomo wazi. "Hata akiwepo, mama. Nimemfundisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Niliogopa."

Bi Queta hakumgombeza. Ingekuwa afadhali kama angemgombeza. Aliingiza mikono kisandukuni, akamtoa Jenerali taratibu, akampa binti yake amshike. Njiwa alikuwa mwepesi, kifua kimebaki ngozi. Kisha Bi Queta alisema, "Irudishe tena," na picha iliporudi alipeleka mkono wake ndani, akainyoosha kucha ya kidole cha shahada, akaigonga skrini kwenye majani, chini ya ukuta.

Taa zikazimika chumba kizima.

Walikaa gizani. Giza lilikuwa refu, maana Herminia ndiye aliyelirefusha. Taa zikarudi, na picha ikarudi nazo, kama ilivyopangwa. Barabara, bomba la moshi, majani, ukuta. Bi Queta aligonga palepale. Taa zikazimika.

Herminia angeweza kuizima mashine. Lakini swichi ilikuwa moja, ya giza na ya picha, na kuzima giza ilikuwa ni kuzima na picha. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, Jenerali kifuani, moyo wa njiwa unampiga kwenye kiganja.

Taa ziliporudi, Bi Queta alikuwa ameshainua kidole.